Barua kwa Mama Mkwe Asiyetubu

Katika kikundi cha maigizo cha kanisa letu, pale Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, sikuwahi kupewa nafasi ya malaika. Nilikuwa mke mchoyo, nikawa jirani mchonganishi, nikawa mwenye duka anayepunja watu mchele, na mwishowe nikawa mama mkwe. Kiongozi wetu alikuwa shemasi, mtu mpole aliyekuwa seremala huko kwetu Kivu ya Kusini kabla ya vita kutuondoa. Siku moja nilimwuliza kwa nini wenzangu wanavaa shuka nyeupe na mimi kila mara navaa kitenge cheusi.

"Dada," akanijibu, "Mungu alikupa uso wa kufanya batu batubu. Tuutumie."

Mume wangu alikuwa amekaa karibu akichambua maharage. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba uso huo yeye ameutumia miaka mingi na bado hajatubu vizuri.

Igizo la mama mkwe ndilo lililopendwa kuliko yote. Mama mkwe anaficha uvunguni chungu cha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kisha anamwambia mwanawe kwamba mkewe hapiki, anazurura tu sokoni. Kijana anaamini, anamfukuza mke. Baadaye mama mkwe anaugua, watoto wote wanamkimbia, na yule mkwe aliyefukuzwa ndiye anarudi kumwogesha na kumlisha. Hapo mama mkwe analia, anatubu, kwaya inaimba, na wanawake wanaotazama wanafuta machozi kwa ncha za vitenge vyao.

Basi kanisa la kambi ya jeshi ya Mbarara likatualika tuwaigizie. Tulipanda lori lililokuwa linapeleka mahindi mjini, tukakaa juu ya magunia na chungu chetu cha sombe, sombe ya kweli, kwa sababu shemasi hakupenda kumdanganya mtu kwa majani makavu. Tulicheza pembeni ya uwanja wa gwaride. Askari walisimama nyuma, wake zao na watoto walikaa mbele kwenye mikeka. Nilimfukuzisha yule binti, mkwe wangu wa igizo, mpaka nikasikia watoto wawili wakilia. Kisha nikakivuta chungu kutoka uvunguni, nikaanza kula peke yangu. Hapo niliongeza kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi: nilijilamba vidole, kimoja kimoja, huku nikiwatazama wale wanawake machoni.

Mvua ikashuka wakati ule ule. Haikutoa hata dalili. Kila mtu alikimbilia nyumbani kwake na mkeka kichwani, na dereva wa lori akatuita tuondoke kabla barabara haijaharibika. Kwa hiyo watu wa kambi ile waliniona nikifanya ubaya, nikila, nikishiba, kisha nikipanda lori na kwenda zangu. Kutubu hawakukuona.

Wiki chache baadaye mwanamke mmoja mwenye duka pale Misiera, humo humo Nakivale, ambaye huenda Mbarara kununua sabuni na chumvi, aliniletea bahasha. Juu yake paliandikwa: *Kwa mama mkwe mbaya, Nakivale.*

"Umejuaje ni mimi?" nikamwuliza.

"Niliuliza batu njiani," akasema. "Wote walinionyesha nyumba yako."

Barua yenyewe ilikuwa ya Kiswahili cha kambi ya jeshi, Kiswahili ambacho Waganda wanajifunza kwa amri kabla ya kujifunza kwa maneno. Ninaikumbuka vizuri maana nimeisoma mara nyingi: *Wewe mama, habari. Mimi ni bibi ya koplo. Mimi niliona wewe hapa, na mvua ilinyesha. Sasa mimi nauliza. Wewe uliomba msamaha ama hapana? Ule msichana wa watu iko na kosa gani? Mimi nalala vibaya juu ya hii maneno. Jibu upesi.*

Ningeweza kumjibu kistaarabu kwamba ni igizo tu, na kwamba mwishoni natubu na kwaya inaimba. Nilikaa na kalamu, nikaanza kuandika hivyo. Lakini ile "jibu upesi" ilinichokoza. Nikaipindua karatasi na kuandika upande wa pili, kwa Kiswahili cha kwetu: *Bibi wa koplo, nimepata barua yako. Siombi musamaha kwa mutu. Sombe nilitwanga miye mwenyewe. Mwana nilizaa miye mwenyewe. Nyumba, baba yake aliijenga tukiwa na njaa. Yule binti alikuja akakuta bintu byote tayari, sasa anataka na sombe?*

Mume wangu aliisoma, akanirudishia.

"Bwana yake ana bunduki," akasema. "Weka hata salamu."

Nikaongeza salamu.

Majibu yalikuja haraka. Bibi Koplo hakuwa mtu wa kutishwa. Aliniandikia kwamba kuzaa mwana si kununua ng'ombe, na kwamba mwanamke anayekula peke yake atazikwa na watu wachache. Nikamjibu kwamba wachache wakija kwa moyo wanatosha. Akaniuliza kama katika Congo yote hakuna mtu wa kunipiga kiboko. Nikamwambia waliokuwa na viboko walikimbia kabla yangu. Ndivyo ilivyokwenda, barua moja na nyingine, mwenye duka wa Misiera akiwa ndiye posta yetu. Yeye alikuwa akizisoma njiani, na hakuficha. Wakati mwingine alinikabidhi bahasha akisema, "Leo amekuweza."

Sikujua kama Bibi Koplo aliamini kweli kwamba mimi ndiye yule mwanamke. Nadhani mwanzoni hakutaka kuamua. Ila ilifika barua moja iliyobadilika sauti. Mama mkwe wake, wa kweli, alikuwa amekuja kutoka kijijini kukaa nao kwenye chumba kile kimoja cha kambi. Bibi Koplo alikuwa mtu wa kaskazini, alikozoea mboga ya simsim, na mume wake alikuwa mtu wa Ankole. Yule bibi mzee alikuwa akiangalia kila chungu chake kama askari wa zamu. Alisema mke wa mwanawe hajui kutengeneza eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao kwa Wanyankole hauwezi kukosekana penye wageni. Na Bibi Koplo alikuwa anajua. Alifundishwa na majirani, akajifunza mpaka wenyewe wakamsifu. *Sasa wewe mama mkwe mbaya,* akaandika, *unajua roho ya watu kama wewe. Niambie. Huyu mama anataka nini?*

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mimi wakati ule sikuwa na mkwe, wala mwana wa kuoa. Mama mkwe wangu alibaki Kivu, na nilipoishi naye alikuwa mtu mwema asiye na la kumfunza mwigizaji. Sikujua chochote kuhusu roho ya watu kama mimi. Nikaenda kwa shemasi.

"Mama mkwe anataka nini?" nikamwuliza.

Alifikiri sana. "Mke wangu anasema mama yangu alitaka kuulizwa," akasema.

Nikaiandika hiyo kama yangu. *Huyo mama hataki chakula,* nilimwambia Bibi Koplo. *Anataka kuulizwa. Muulize eshabwe inatengenezwa namna gani, hata kama unajua. Ukishajua, uliza tena kesho.*

Ushauri ulifanya kazi kupita kiasi. Mama mzee alikuwa amekuja kukaa majuma mawili. Alipoanza kuulizwa, alikaa mpaka mavuno, akakaa mpaka mavuno mengine. Bibi Koplo akaniandikia barua ndefu kuliko zote, yenye neno "wewe" mara nyingi na salamu hakuna.

Tulionana ana kwa ana miaka kadhaa baada ya kuanza kuandikiana. Alikuja Misiera kununua vitenge, maana alisikia vyetu vinafika kutoka Congo na havichuji. Nilimkuta dukani kwa yule posta wetu. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mbali, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ni huyu?" akamwuliza mwenye duka.

"Ndiye."

"Lakini ni mfupi."

Nikamweleza kwamba siku ile nilivaa buti za mvua za mume wangu chini ya kitenge, ili niwe na kimo cha ubaya. Hakufurahi. Alisema kwa miaka yote ile amekuwa akigombana na mtu mrefu. Kisha akakaa kwenye gunia la chumvi, akakunja mikono.

"Sasa maliza," akasema.

"Nimalize nini?"

"Ile ya mwisho. Mvua ilinyesha. Tubu."

Basi nikatubu mle dukani. Nililala juu ya maboksi ya sabuni, nikaugua, nikalia machozi ya kweli, nikamshika mwenye duka mkono kana kwamba ndiye mkwe wangu. Wateja walisimama mlangoni. Nilijitoa kabisa. Nilipomaliza, mwenye duka alikuwa anafuta macho. Bibi Koplo alikuwa anafikiri.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya uongo. Ile ya kulamba vidole ndiyo ya kweli."

Katika maisha yangu ya uigizaji sijapata kuambiwa neno lililoniuma na kunipendeza kwa pamoja kama hilo. Alinunua vitenge vyake akaenda. Barua iliyofuata ilianza: *Mama mkwe mfupi.*

Mwaka baada ya mwaka tuliendelea. Mume wake alipanda akawa sajenti, nami nikampandisha cheo katika salamu. Alipopelekwa mbali na barua zake zikakawia, Bibi Sajenti aliniandikia karibu kila juma, na katika barua hizo hakunitukana hata kidogo, ndipo nilipojua alikuwa na hofu. Nilimjibu kwa kumtukana kwa niaba yetu wote wawili. Yeye alisema baadaye kwamba ilimsaidia kuliko maombi ya majirani, ingawa maombi pia alishukuru. Mimi nilipozika mtoto wangu wa tatu, alinitumia barua ya mistari miwili na sukari. Ile barua sitaiandika hapa.

Siku hizo zilikuwa zinaelekea mwisho wake, kwa sababu simu zilishaingia, wakati alipofika mwalimu mstaafu wa Mbarara. Alikuwa mama wa makamo, msafi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Katika nyumba ya kanisa kule Kakiika alipewa chumba kimoja, na humo alikuwa anakusanya barua za zamani za wanawake ili zisipotee. Shemasi ndiye aliyemleta kwangu.

"Natafuta barua za waigizaji," akasema, "na za wanawake mashuhuri."

"Mashuhuri ni akina nani?" nikauliza.

Shemasi akaninyooshea kidole. Mume wangu aliingiza uso wote ndani ya kikombe cha uji ili asionekane.

Nilimtolea barua za Bibi Sajenti. Nilikuwa nimezitundika kwenye mfuko darini, lakini mchwa wa Nakivale hawajali kitu kimetundikwa wapi. Walikula pembe zake. Barua zangu mimi zilikuwa kwa mwenzangu, kwenye sanduku la chuma, hazina doa. Mwalimu alitaka pande zote mbili, kwa hiyo akatuita wote wawili Kakiika tumsaidie kuzipanga.

Kile chumba kilikuwa kidogo, chenye rafu na maboksi meupe. Kabla ya kuanza, mwalimu alituonyesha baadhi ya hazina zake. Alifungua boksi la mwanamke ambaye, alivyotueleza, zamani alikuwa wa kwanza katika sehemu zile kuendesha gari lake mwenyewe. Nilitegemea maneno mazito. Barua yote ilikuwa juu ya kuku wake waliokuwa wanaibwa na mpwa wake. Boksi jingine lilikuwa la mwigizaji wa michezo ya redioni, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa inasimamisha watu barabarani. Alikuwa anamwandikia fundi cherehani, akilalamika kuhusu kola.

"Hawa ndio mashuhuri?" Bibi Sajenti akauliza.

"Ndio hao," mwalimu akasema.

"Basi sisi pia tunaingia."

Lakini alipoona barua zake mwenyewe, akaona haya. Watoto wake walikuwa wamesoma. Mmoja alikuwa anafundisha shule. Aliisoma ile barua ya kwanza, midomo ikitembea, akaiweka chini.

"Hii naomba niandike tena," akasema. "Hapa nimesema 'iko na kosa gani'. Watu watasema mimi nilikuwa mjinga."

"Haiandikwi tena, mama," mwalimu akasema. "Tunaiweka ilivyo."

"Na hapa mchwa wamekula. Maneno yangu mazuri yote yalikuwa kwenye pembe."

Ukweli ni kwamba kila penye tundu la mchwa alikumbuka hekima. Kwenye barua moja iliyokosa kona, alidai aliandika juu ya subira na upendo. Mimi nilikumbuka kwamba pale aliniita fisi. Mwalimu alituacha tubishane, na nilimwona akiandika tunayobishania.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kibandiko cha boksi. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: *Barua za mwigizaji na mke wa askari.* Bibi Sajenti alivaa miwani ya mwalimu bila kuomba, akasoma.

"Huyu ni mwigizaji," akasema. "Mimi ni mke wa mtu?"

"Ni namna ya kueleza tu," mwalimu akasema.

"Nani aliandika kwanza? Mimi. Bila mimi huyu angekuwa bado analamba vidole Nakivale."

Nilifungua mdomo nimtetee mwalimu, nikaufunga. Mwenzangu alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyeona mvua imekata jambo katikati, na katika kambi nzima ni yeye peke yake aliyetaka kujua mwisho wake. Nilimwambia mwalimu ang'oe kibandiko. Wakajaribu "mwigizaji na mtazamaji wake", lakini hilo "wake" likakataliwa. Mwishowe tukakubaliana: *Barua za wanawake wawili juu ya mama mkwe.*

Tulidhani tumemaliza. Tulimsahau mwenye mambo.

Sajenti alikuwa amestaafu, wamejenga Kabingo, wana migomba na ng'ombe kadhaa, na mama yake mzee alikuwa anaishi nao, amezeeka kabisa lakini masikio mazima. Siku niliyokwenda kuwatembelea, mwalimu alikuwa amekuja kuchukua barua zangu chache zilizobaki kwenye lile sanduku, amebeba na zile za mwenzangu ili azipange pamoja. Bibi mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Aliuliza kwa Kinyankole kinachotolewa nje ni nini. Mwalimu, ambaye ni mtu asiyeweza kusema uongo, akamjibu kwamba ni barua za mkwe wake, na kwamba zinahifadhiwa kwa sababu ni muhimu.

"Zinasema nini?"

Hapo Bibi Sajenti alikumbuka ana kitu jikoni.

"Kaa," bibi mzee akasema. "Nisomee."

Alikaa. Kaaka, kama wajukuu walivyomwita, alinyoosha miguu. Mwenzangu alisoma Kiswahili chake cha kambini kimoyomoyo, kisha akakitoa kwa Kinyankole. Mimi Kinyankole changu ni cha sokoni, lakini hata mimi niliona kwamba ukurasa mzima ulitoka ukiwa sentensi moja. "Hapa nasalimia," akasema. Akageuza ukurasa. "Hapa nasalimia tena."

Kaaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwalimu.

"Soma wewe."

Mwalimu alisoma. Alisoma yote: yale ya kuangalia vyungu kama askari wa zamu, yale ya kukoroma, yale ya kwamba mama mkwe angekuwa mbuzi angekuwa ameshauzwa. Bibi Sajenti alitazama migomba. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa sababu majibu yangu pia yalisomwa, na mwalimu alipofika kwenye ule ushauri wa kuuliza, alipunguza mwendo. Kaaka aliomba arudie pale. Akarudia.

Kisha mabega ya Kaaka yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mlidhani sikujua?" akamwambia mkwe wake. "Mtu hawezi kuuliza eshabwe miaka miwili. Hata mtoto angeshaelewa."

"Sasa kwa nini ulikaa?" Bibi Sajenti akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Nyumbani hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu."

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya ua. Baadaye Kaaka alimwuliza mwalimu kama lile boksi la Kakiika lina nafasi. Mwalimu akasema ipo. Basi akaagiza kalamu na karatasi, akamwambia mkwe wake aandike, naye akasema yake, pole pole, kwa Kinyankole, mwenzangu akiandika bila kuruka hata neno kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake.

Ilikuwa barua fupi. Alisema hakukoroma, huyo alikuwa mwanawe. Alisema alikuwa anaangalia vyungu kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia. Alisema eshabwe ya mkwe wake ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, ila chumvi ilizidi kidogo, na mpaka leo inazidi. Kuhusu yule mwanamke wa Nakivale, alisema hamjui, lakini kwa maneno yake anaonekana hajawahi kuishi na mkwe.

Akaweka dole gumba lake kwenye wino, akalibana chini ya karatasi, akalifuta kwenye majani. Mwalimu aliingiza ile karatasi kwenye bahasha kwa mikono miwili, na siku ya pili yake akabandua kibandiko cha boksi tena, akaandika wanawake watatu.